Mwaka Aliochoka Somoe

Boti ya kutoka Nyamisati ilichelewa, kwa hiyo nilifika Mafia Somoe akiwa keshazikwa, na kilichobaki kwangu kilikuwa kuketi jamvini na wanawake wenzangu siku ya kuanua tanga. Nilipata nafasi karibu na dirisha. Nje wanaume walimaliza kisomo, kisha akasimama kijana mmoja aliyevaa koti juu ya kanzu, akajitambulisha kuwa ametumwa na ofisi kuleta salamu za rambirambi. Sauti yake iliingia ndani yote. Alisema marehemu alikuwa nesi wa mfano, aliyewahudumia akina mama wa kisiwa hiki kwa moyo mmoja, bila kuchoka. Neno hilo akalirudia, "bila kuchoka kabisa," kama mtu aliyelipenda lilivyotoka mdomoni. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alimwinamia jirani yake. "Mkali yule, wacha! Alimzaba mtu kofi juu ya kitanda cha kuzalia. Halafu akili zikamruka, akawaacha watoto kwenye mizani akaenda zake pwani." Mwenziwe akaitikia, "Lilikuwa jini, shoga. Lilimpanda mchana kweupe." Sinia la pilau likawekwa mbele yetu, nikanawa kama wengine, kisha nikawasogezea wenzangu. Yule kijana wa ofisini simlaumu, mwaka ule labda alikuwa bado anabebwa mgongoni. Lakini Somoe alichoka. Nilimwona akichoka, nikiishi naye nyumba moja, na katika maisha yangu yote ya kazi sijapata kuona kitu kwa karibu kama nilivyokiona hicho.

Kijiji chenyewe sitakitaja, maana wenyewe wapo na wajukuu zao wanasoma. Tuseme tu kiko njia ya kwenda Ndagoni. Nilipelekwa huko nikiwa nesi mpya, soli za viatu vyangu vyeupe bado hazijaguswa na mchanga, na mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Somoe, amesimama barazani na mtoto mchanga mkono mmoja na bilauri ya chai mkono wa pili. "Shikamoo dada," nikasema. "Marahaba mwanangu. Umekula?" Ndilo swali alilonipokea nalo. Nilipomwambia bado, alimkabidhi mtoto kwa mamake, akanishika mkono akanipeleka nyuma, kwenye nyumba ya watumishi. Ilikuwa na vyumba viwili, ukumbi mdogo usio na dari, na jiko la uani lililoezekwa makuti. Alinipakulia wali wa nazi na mchuzi wa pweza, akakaa kigodani kunitazama nikila, na kabla sijafika nusu ya sahani ikasikika sauti mlangoni, "Hodi! Somoe! Mtoto anatapika!" Akainuka akicheka. "Utazoea," akaniambia. "Hapa sahani ndiyo inayowaita wagonjwa. Ukitaka waje, pakua."

Zahanati ilipaswa kuwa na tabibu, nasi wauguzi wawili. Tabibu alikuwa amekwenda kusoma, na kila aliyekuja kukagua kutoka wilayani alituambia mwingine yuko njiani. Kabla yangu Somoe alikuwa peke yake kwa muda ambao yeye mwenyewe alikuwa hapendi kuutaja. Alitibu, alizalisha, alichanja, alifunga vidonda, alifagia, na jokofu la chanjo lililotumia mafuta ya taa alililinda kama mgonjwa, akiamka kuangalia utambi wake. Mwanzoni nilimwona kama muujiza. Angeweza kuweka mkono juu ya tumbo la mja mzito huku akizungumza habari za harusi ya jirani, na mkono ule ukamwambia kila kitu. Wanawake walimtania naye akawatania, na chumba cha kujifungulia, ambacho chuoni nilikijua kuwa mahali pa kelele na hofu, kwake kilikuwa na vicheko. Nilitaka kuwa yeye. Leo nikifikiri naona kwamba hata hivyo hakuwa mzima. Alikuwa akila amesimama. Alikuwa akilala na gauni la kazi. Nikimwambia, "Dada, leo nenda kalale, nitabaki mimi," alijibu, "Nikilala wewe utaniulia mtu," akicheka, lakini haendi. Alikuwa amezoea kuwa mtu ambaye pasipo yeye kijiji hakiamki, na kuna utamu katika kuitwa hivyo. Utamu huo ndio wakubwa wetu waliomfunga nao.

Nilijua hivyo siku alipokuja mkubwa mmoja wa wilayani, mtu wa makamo, mpole wa sauti, aliyevaa shati lililopigwa pasi hata baada ya safari yote ile ya vumbi. Nilikuwa nafua mashuka uani, nao walikaa ukumbini, dirisha wazi. Somoe alimkumbusha ombi lake la likizo. Halikuwa la kwanza. Alisema anataka kwenda kukaa kwa dadake, alale tu, hana safari nyingine. Mkubwa alikunywa chai, akasifu vitumbua, kisha akasema, "Sasa Somoe, mwanangu, ukiondoka wewe nani atabaki? Huyu binti bado mbichi. Wewe ndiye tunayekutegemea kisiwa kizima. Nikikaa na wenzangu nawaambia, laiti ningekuwa na akina Somoe kumi." "Basi hata wiki, baba," Somoe akasema. "Baada ya mvua," akajibu. "Mvua zikiisha tutaangalia." Alipoondoka, Somoe alikusanya vikombe, akaniambia akiwa na uso uliokunjuka kidogo, "Umemsikia alivyosema? Akina Somoe kumi." Nikamwambia nimemsikia. Nilikamua shuka kwa nguvu mpaka viganja vikauma, maana nilikuwa nimesikia pia kile alichonyimwa, na ilinitisha kuona yeye hakukisikia.

Mvua za masika zikaja na homa zake. Baraza ilijaa tangu alfajiri, watu wamelala juu ya mikeka waliyokuja nayo, na harufu ya nguo mbichi na matapishi ikaingia mpaka kwenye chakula chetu. Hapo ndipo Somoe alipoanza kunyamaza. Ilikuwa kama redio inayoishiwa betri, mpaka ukatambua kuwa hujaisikia kitambo. Jirani yetu, Bi Riziki, mwanamke mkulima wa mwani aliyempenda Somoe kama mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa akituletea muhogo wa nazi au samaki wa kuchoma, nami nilimwekea Somoe fungu lake chini ya kawa. Jioni nilifunua kawa nikakuta chakula kama nilivyokiacha. Alisema tumbo limejaa. Alisema kichwa kinamgonga. Alianza kusahau vitu vidogo, akasimama katikati ya chumba na mkasi mkononi akiuliza mkasi uko wapi. Kisha akaacha kuitikia salamu. Kwa mtu wa mjini hilo laweza kuonekana dogo. Lakini pale kijijini mtoto alisema "shikamoo nesi" na nesi akapita kama amepita ukuta, na habari hiyo ilifika visimani kabla ya adhuhuri. "Kaanza kujiona," nikawasikia wanawake wakisema nyuma ya zahanati. "Hata marahaba inamshinda." Bi Riziki peke yake ndiye aliyesema, "Mwacheni. Yule hajioni, hatuoni hata sisi."

Kilichonitia hofu zaidi ni siku alipofariki mtoto wa mvuvi mmoja wa kambi ya dago, mgeni aliyekuja na mkewe kutoka bara kwa msimu wa samaki. Walimleta wamechelewa, degedege limeshamchosha, na tulifanya tulichoweza. Alipokata roho, mama yule aliinua uso akamtazama Somoe, akingojea neno. Nilikuwa nimeshamwona Somoe katika misiba ya namna hiyo. Alikuwa akiketi sakafuni na mama, akimshika kichwa, akilia naye bila haya, kisha akainuka kumwosha mtoto. Safari hii alisema, "Mungu atakupa mwengine," kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu, akatoka. Mimi ndiye niliyekaa sakafuni. Nilipokwenda nyuma baadaye nilimkuta jikoni anakunywa chai, anatazama majivu. Nikasimama mlangoni. Hakugeuka. "Hadija," akaniambia, "unajua nilikuwa nawaza nini pale? Nilikuwa nawaza chai. Mtoto anakata roho mbele yangu, nami nasema moyoni, akimaliza nikanywe chai." Nikamwambia ni uchovu tu. "Siyo uchovu," akasema. "Uchovu naujua, nimelala nao miaka. Mimi nimejitafuta pale ndani nikakuta hakuna mtu. Nilikuwa nalia na watu, Hadija. Sasa hivi nawaona kama magunia." Alisema bila kutoa chozi, na kwa kuwa hakutoa chozi, mimi niliyetoka chuo na cheti changu sikujua huo ni ugonjwa gani. Katika masomo yetu wagonjwa walikuwa wale wanaolala kitandani. Hakuna aliyetufundisha kumtazama anayesimama kando ya kitanda.

Kofi lile ni kweli. Nilikuwapo. Binti mdogo, mimba ya kwanza, kichwa cha mtoto kimeshaonekana, naye kwa woga akabana mapaja. Nimeona wazalishaji wakali wengi, na wengi wao hupiga kwa kuamini wanaokoa. Somoe hakuwa wa hao, alikuwa akiwaambia maneno mpaka wanalegea. Siku ile mkono ukaruka wenyewe, kofi likalia, binti akanyamaza, mtoto akazaliwa salama, na Somoe akabaki anautazama ule mkono wake kana kwamba mtu amemwekea pale. Hakusema samahani, na nadhani hakuweza. Familia ya binti ilipeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa kijiji, na walikuwa na haki, siwezi kusema vinginevyo hata leo. Ila nakumbuka vizuri kwamba kwa ajili ya lile kofi watu walipatikana haraka sana. Simu zikapigwa, baiskeli zikatumwa, kikao kikapangwa. Kwa ajili ya likizo hapakuwa na mtu.

Kikao hicho hakikuwahi kufanyika. Siku ya kliniki ya watoto, mizani inaning'inia kwenye boriti ya baraza, akina mama wamepanga foleni mpaka kwenye minazi, Somoe alimtoa mtoto kwenye mizani, akamfunga kanga vizuri, akamkabidhi kwa mamake. Kisha akavua viatu. Akavipanga pembeni ya mlango, kimoja kando ya kingine. Nikamwuliza, "Dada, vipi?" Akanitazama kwa upole ambao sikuwa nimeuona tangu mvua zianze. "Naenda," akasema. Nikadhani anakwenda msalani. Alikata katikati ya minazi na gauni lake jeupe, akashuka pwani ambako maji yalikuwa yametoka na wanawake wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, akaingia mpaka magotini, akasimama karibu na Bi Riziki, akaokota kamba. Bi Riziki alinisimulia baadaye kwamba hakumwuliza kitu. Alimwonyesha fundo linavyofungwa, wakafunga pamoja mpaka maji yakarudi. Kisha akampeleka nyumbani kwake, akamlaza, na Somoe akalala usingizi ambao watu walikuja mlangoni kuuchungulia kama maiti.

Kila mtu alikuwa na jina la jambo lile. Kijijini waliita jini, na shangazi wa mtu akaleta ubani na mwalimu wa kumsomea, na Somoe akakubali kusomewa kwa sababu kusomewa kulimruhusu alale. Wilayani waliita utoro kazini. Mkubwa yule mpole alikuja na wenzake wawili, wakakaa ndani ya zahanati kwenye meza yetu ya dawa, wakamwita Somoe, naye akaja amejitanda kanga, akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Walimwuliza kwa nini aliacha kituo. "Nimechoka," akasema. "Sote tunachoka, Somoe," mkubwa akasema. "Mimi hapa sijalala." Mwenzake akauliza kama amewahi kulewa, kama ana matatizo ya ndoa, kama kuna mwanamume. Akajibu hapana, hapana, hapana. Nikaomba kusema. Nilisema yote. Nilisema likizo aliomba, na nilikuwepo siku aliyonyimwa. Nilisema watu wawili tunafanya kazi ya watu watano na mmoja wetu hajui kulala. Nilisema kofi lile lilipigwa na mtu ambaye alikuwa ameshaondoka. Mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama kama baba anavyomtazama mtoto aliyezungumza mbele ya wageni. "Binti," akasema, "tumekuja kuzungumzia utoro." Somoe aligeuka akanigusa goti. "Wacha, Hadija. Watakuweka na wewe kwenye orodha ya wagonjwa." Lilikuwa neno la mzaha, na lilikuwa la mwisho alilosema ndani ya jengo lile. Walimwachisha kazi.

Ninachokieleza sasa hakijawahi kunitoka rohoni, na nimeshajua hakitatoka. Kabla mwezi haujaandama mara ya pili, walifika tabibu na manesi wengine wawili, na magodoro mapya, na jokofu jipya. Wale watu ambao kwa miaka yote walikuwa njiani, kumbe njia ilikuwa fupi namna ile. Muda si mrefu tukaitwa Kilindoni, watumishi wa vituo vyote, kwenye semina ya msongo kazini. Ukumbi ulikuwa na feni, soda na karanga. Mwezeshaji alikuwa mtu mchangamfu kutoka bara, na kwa kweli alijua alichokuwa anakisema. Mtu akianza kusahau, akasema. Akianza kukosa hamu ya kula. Akiacha kuwajali aliokuwa akiwajali, akiwaona kama vitu. Akikasirika kwa jambo dogo. Alikuwa akisoma maisha ya Somoe mstari kwa mstari, naye hakuwahi kumwona. Nilibana kalamu mpaka ikavunjika. Kisha akasema dawa yake ni kupumzika vya kutosha, kula vizuri, kutumia likizo zenu, na ukimwona mwenzako ana dalili hizi toa taarifa mapema. Nikanyoosha mkono. "Nitoe taarifa kwa nani?" nikauliza. Watu wakacheka, wakidhani natania. Yule mkubwa alikuwa safu ya mbele, alicheka pia, akageuka kunitazama, akaacha kucheka. "Swali zuri sana," mwezeshaji akasema. "Tutalirudia baada ya chai." Baada ya chai tulipiga picha ya pamoja.

Nimefanya kazi miaka mingi tangu hapo, katika hospitali zenye maghorofa, na sikupanda cheo kwa kasi ya wenzangu, kwa sababu nilijulikana kuwa mtu wa kudai zamu yake iishe inapokwisha na likizo yake ifike inapofika. Waliniita mvivu kwa siri na kwa dhahiri. Vijana waliowekwa chini yangu niliwafukuza wodini wakale, na yule aliyenijibu kwamba wagonjwa wake hawawezi bila yeye nilimtazama kwa makini kuliko wote. Lakini sijidanganyi kwamba nimegundua kinga. Mtu mmoja hawezi kupumzika peke yake mahali ambapo mapumziko yake ni mzigo wa mwenzake. Kila nilipokwenda likizo kuna nesi aliyebaki akifanya kazi yangu juu ya yake, na nilijua jina lake, na nililala hivyo hivyo. Ndivyo walivyotupanga, kila mmoja awe mlinzi wa mwenziwe gerezani, kisha wanakuja kutufundisha namna ya kuvuta pumzi.

Mwisho wa mwaka ule, kabla sijahamishwa, nilikwenda kumwona Somoe shambani kwake, maana Bi Riziki alikuwa amempa vigingi na kamba zake mwenyewe. Maji yalikuwa mbali, bamvua kubwa. Alikuwa amenenepa kidogo, viganja vimepasuka kwa chumvi. Tulizungumza habari za bei ya mwani na ugonjwa uliokuwa ukiuozesha. Katikati ya mazungumzo tukasikia ukelele. Mwanamke kijana, mja mzito, aliyekuwa akivuna shamba la tatu kutoka kwetu, alikuwa ameinama ameshika kigingi kwa mikono miwili. Wanawake wote wakainuka, na wote, bila mmoja kumwambia mwenziwe, wakamtazama Somoe. Somoe hakuinuka. "Mpelekeni zahanati," akasema, macho kwenye kamba. "Siku hizi wako wengi." Mmoja akasema kwa ukali, "Dada Somoe, ushindwe hata kumshika mkono?" Akakaza fundo lake. Mimi nikamshika yule mwanamke, tukamkokota mpaka nchi kavu, tukampandisha pikipiki katikati ya dereva na mimi, na jua halikuwa limefika utosini alipojifungua.

Kesho yake nikarudi pwani. Somoe alikuwa palepale, ameinama. Nikamwambia, "Kapata mtoto wa kike. Wote wazima."

"Sikukuuliza," akasema.

Nikakaa kwenye ngalawa iliyoegeshwa, nikavua viatu. Alifunga fundo moja, akafunga la pili. La tatu lilimshinda, akalifungua, akalianza upya. Kisha, bila kuinua uso, akauliza, "Kondo la nyuma lilitoka lote?"

"Lote."

"Ulilikagua mwenyewe?"

"Nililikagua mwenyewe, dada."

Akaitikia kwa kichwa, akavuta pua, akajifuta uso kwa mkono uliojaa maji ya chumvi, ukauacha uso wote umelowa. "Haya nenda," akaniambia. "Nenda, Hadija, watakutafuta."